Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kufunga upya injini ya dizeli nyumbani, kwa watu wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu

Ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela, kamwene kwa wa Iringa na Njombe. Maswali ya injini yananijia kila siku na mengi yanafanana, kwaiyo nayajibu hapa kwa pamoja. Wengi wenu mna Hilux, Hiace na Land Cruiser za zamani, yani injini za Toyota za 2L, 3L, 5L na 1HZ, basi mifano mingi itatoka huko. Kuna jambo moja nitalirudia mpaka mnichoke: injini haifi bure, kuna kitu kimeiua, na ukiifunga bila kukijua hicho kitu basi umeinunulia spea mpya ili ife tena.

Gari linatoa moshi mweusi likipanda mlima, ndo tayari la kufungua injini?

Hapana, tulia kwanza. Huku kwetu tuko juu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar. Dizeli isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukuma hewa ya ziada) inavuta hewa pungufu, ila pampu ya dizeli inaleta mafuta yaleyale, kwaiyo mafuta yanazidi hewa na kinachobaki kinatoka kama moshi mweusi. Gari lililosetiwa pampu Dar likipanda Kitonga linaanza kuvuta bangi, ukifika Makambako moshi umekolea. Baadhi ya pampu za 1HZ zina kifaa cha kupunguza mafuta kadiri unavyopanda juu, nyingi nyingine hazina. Anza na filta ya hewa, afu nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani, zipimwe, afu pampu. Hivo vitatu vinamaliza kesi nyingi za moshi mweusi bila kugusa hedi, yani kichwa cha injini.

Moshi mweupe asubuhi unaonuka dizeli mara nyingi ni hita plagi (za kupasha moto kabla ya kuwasha) zimekufa au nozeli inakojoa badala ya kupuliza. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, na maji yanapungua kwenye rejeta, hapo mshuku gaskiti ya hedi (inayoziba kati ya hedi na mwili wa injini) au hedi yenyewe kupasuka. Moshi wa bluu ni oili. Ukitoka asubuhi tu afu ukaacha, angalia vali sili, zile zinazozuia oili isishukie kwenye vali. Ukitoka muda wote na oili unaongeza kila wiki, haya, sasa tunaongea habari ya kufungua.

Nimepima kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa), kitabu kinasema 32 mimi napata 26 silinda zote. Injini imekufa?

Hili swali nalipenda kwa sababu watu wamefunguliwa injini nzima kwa hiyo namba. Kitabu cha 2L, 3L na 5L kinasema kompresheni nzuri ni 32 kg/cm² na kikomo cha chini ni 20, lakini hizo namba ni za usawa wa bahari. Silinda inabana hewa iliyopo, sasa kama hewa ya Mbeya ni asilimia 82 ya ile ya pwani, 32 inakuwa kama 26. Njombe ambako ni juu zaidi itashuka mpaka 25. Kwaiyo 26 zote sawa hapa Mbeya hiyo ni injini nzima kabisa, ishukuru ifunike.

Kinachotakiwa kukushtua ni tofauti. Silinda moja na nyingine zisipishane zaidi ya 5 kg/cm². Ukipata 26, 25, 26, 17 basi hiyo ya nne ina shida na ndo ya kuifuatilia.

Upime ukiwa umeshaipasha injini moto, betri imejaa, hita plagi zote zimetolewa, na waya wa solenoidi ya pampu (swichi ya umeme ya kukata mafuta) umechomolewa ili mafuta yasije. Na ule mtindo wa kumwagia oili kwenye silinda ili kujua kama ni ringi za pistoni, huo wa petroli, dizeli usiufanye. Nafasi juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, oili yenyewe inapandisha namba inakudanganya, na ukizidisha unakunja koni rodi, ule mkono unaobeba pistoni. Kama unataka kujua habari ya ringi fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma taratibu uangalie pumzi inayotoka pale. Ikipiga kwa nguvu kwa mapigo mapigo, na moshi juu, ringi na silinda zimechoka.

Nifunge upya injini yangu au ninunue ya mtumba kutoka Japani?

Inategemea bloku yako (mwili wa injini wenye silinda) na krenki yako (shafti inayozungushwa na pistoni). Kama krenki haijakatika wala bloku haijatoboka, mi nafunga ya kwangu, kwa sababu ya mtumba nayo hujui imefanya nini, unainunua kwa kuangalia rangi na kwa maneno ya muuzaji. Ukiamua mtumba basi pima kompresheni hapohapo kabla ya kulipa, toa kifuniko cha oili uangalie chini yake kama kuna uji mweupe, zungusha krenki kwa mkono, chungulia sampu, lile bakuli la oili la chini. Muuzaji akikukataza kupima, umeshapata jibu.

Halafu kumbuka namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini kawataarifu TRA wabadilishe kumbukumbu, la sivyo siku unauza gari au unasimamishwa unaanza kuonekana mwizi.

Nyumbani naweza kufanya nini mwenyewe, na nini nisiguse?

Nyumbani unaweza kushusha injini, kuifungua, kuiosha, kuipima, na kuifunga. Hiyo ndo kazi kubwa kwa masaa na ndo inayokula hela ya ufundi.

Usichofanya nyumbani: kusaga krenki, kupanua silinda, kunyoosha uso wa hedi, kubadilisha gaidi za vali (vibomba vinavyoshika vali), na kufungua pampu ya dizeli. Hizo ni za wakereza vyuma na fundi pampu, wana mashine. Kuna jamaa wanasawazisha hedi kwa msasa juu ya kioo cha dirisha, ukiwaona uwasalimie tu upite.

Na nozeli. Usiweke mkono wala kidole mbele ya nozeli inayopuliza, hata kwa kujaribu. Hizi za zamani zinafunguka kwa presha inayozidi kilo 100 kwa sentimita ya mraba, ule ukungu unapenya ngozi kama sindano, unaona kitundu kidogo hakiumi sana, ndani dizeli inaua nyama. Ikitokea ni hospitali saa hiyohiyo na uwaambie wazi ni mafuta yenye presha yameingia, usingoje mpaka kesho eti uone kama utavimba.

Nahitaji vifaa gani?

Spana na soketi unazo. Vitu ambavyo watu hawana na ndo vinaamua kama injini itaishi ni vya kupimia: spana ya toku (inayokaza kwa kipimo), fila geji (vibati vya kupimia uwazi), rula nyoofu ya chuma ya kupima hedi, maikromita, na geji ya saa ya kupimia ndani ya silinda. Hizo mbili za mwisho ni ghali kidogo, ila karakana ya kukereza inakupimia kwa hela ndogo, kawaombe waandike vipimo kwenye karatasi silinda kwa silinda, wasikujibu kwa mdomo tu "iko fresh". Ukienda VETA pale Mbeya au Iringa ukamuona mwalimu wa ufundi magari kwa heshima, "shikamoo mwalimu, naomba unielekeze kusoma maikromita", sidhani kama atakufukuza.

Nunua na uzi wa plastigeji. Ni kiuzi cha plastiki kinachobanwa kati ya metali (zile beringi krenki inamozungukia) na krenki, kinapapatika, unakilinganisha upana wake na kipimo kwenye pakiti unajua uwazi wa oili. Ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye kazi nzima na ndo kinachorukwa zaidi.

Sina gereji, nina uani tu. Inafaa?

Inafaa ukiwa na paa na sakafu ya kufagilika. Adui wa huku ni wawili na wanapokezana: Novemba mpaka Aprili mvua, Julai mpaka Septemba upepo na vumbi. Mi nachagua kiangazi, namwagia maji sakafu asubuhi vumbi lilale, na kila kitu kilichooshwa kinaingia kwenye mfuko wa plastiki kinafungwa. Bloku inafunikwa shuka safi. Kufunga krenki na pistoni kunafanywa siku ambayo upepo haupigi, ukianza malizia, usiache silinda wazi ukaenda msibani.

Kuhusu kunyanyua, 3L inazidi kilo 200 na 1HZ ni nzito zaidi kwa mbali. Chenibloku usiifunge kwenye mparachichi. Najua uani kwa watu wa Rungwe na Njombe mparachichi ndo mti uliopo, lakini tawi lake linakatika bila kutoa taarifa. Fanya miguu mitatu ya bomba za chuma au miti ya mkaratusi iliyonyooka, fungia juu kwa mnyororo, na chini uizuie isitanuke. Mtu asiingie chini ya injini inayoning'inia, na watoto wapelekwe kwa bibi siku hiyo.

Wakati wa kufungua nazingatia nini?

Hapa ndo pana kazi, na watu wanapapita mbio wakiwa na hamu ya kuona pistoni.

Kabla ya spana ya kwanza piga picha kwa simu kila upande, kila bomba, kila waya. Boliti za kila sehemu ziende kwenye kopo lake na jina lake, sio beseni moja la boliti zote. Kofia za koni rodi na za krenki zina namba na upande, kama hazina gonga alama mwenyewe kwa panchi, kwa sababu kofia ya silinda ya 2 haiendi ya 3 hata kama zinafanana, zilitobolewa zikiwa pamoja. Vali, shimu zake (vibati vya kurekebisha uwazi) na bakuli zake zipangwe kwa mpangilio zilivyokaa. Mi natoboa boksi la katoni matundu naandika namba.

Sasa usioshe. Nasema usioshe bado! Uchafu ndo unaongea. Soma kwanza.

Ukikuta metali zimekwaruzika kwa mistari na kuna vumbi limejikita humo, hilo ni vumbi la njia ya hewa au filta ya oili ya ovyo. Bomba la filta ya hewa likipasuka chini ambako huoni, barabara ya vumbi ya kwenda Lupa au Mbarali inakula injini ndani ya muda mfupi. Metali zimeisha upande mmoja wa koni rodi, koni imekunjika. Metali zimegeuka rangi ya bluu na kuyeyuka, oili ilikosekana, nenda kwenye pampu ya oili na kichungi cha chini kwenye sampu uone kama kimeziba. Pistoni imechomwa shimo juu, hiyo ni nozeli, usimlaumu mtengeneza pistoni. Pistoni imekwaruzika pande zote, ilichemka, na hapo kesi inahamia kwenye rejeta, pampu ya maji, feni na kifuniko cha rejeta. Silinda za mwisho kuchakaa kuliko za mbele mara nyingi ni maji hayafiki huko, njia zimejaa kutu na matope.

Andika jibu la hilo swali kwenye karatasi: nini kimeiua. Ukishindwa kuandika, usinunue spea bado.

Naweza kubadilisha ringi tu nikaacha pistoni na silinda?

Ndo swali la wenye hela ya ringi tu, naelewa. Jibu liko kwenye kipimo. Pima kila silinda juu, katikati na chini, kwa mwelekeo wa krenki na kwa kukatisha, utapata namba sita. Kwa hizi injini za L, silinda ikiwa imeliwa zaidi ya 0.2 mm inapanuliwa, na zinapanuliwa zote nne, sio ile moja mbovu. Ukipitisha ukucha juu ya silinda ukakwama kwenye ngazi, hiyo ngazi ni chuma kilicholiwa chini yake. Ringi mpya ikigonga pale inavunjika.

Kama umebaki ndani ya kipimo na duara halijawa yai, basi ringi mpya na kupitisha honi (jiwe la kukwaruza ukuta wa silinda) inatosha, upate mistari inayokatana kwenye ukuta kwa nyuzi kama 45 mpaka 60, ile mistari ndo inashika oili. Silinda inayong'aa kama kioo ringi mpya haikai, itakula oili mpaka ukome.

Ikibidi kupanua, kwanza nunua pistoni, kisha mpelekee mkereza vyuma pistoni pamoja na bloku, apanue kwa kufuata pistoni ulizonazo mkononi. Usimwambie tu "piga hamsini". Pistoni za oversize (zilizozidi saizi ya kawaida) ya 0.50 za kampuni mbili zinaweza kupishana kidogo na huo kidogo ndo unaoleta kelele au kunata. Silinda ikiwa imeshaliwa kupita oversize zilizopo dukani, wanapachika slivu (ukuta mpya wa silinda) na kurudi saizi ya kawaida, hilo halina ubaya likifanywa na mtu anayejua.

Bloku ikirudi kutoka kwa mashine ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga na brashi mpaka kitambaa cheupe kikipita kwenye silinda kitoke cheupe. Petroli au dizeli haitoi ule unga wa jiwe, inausambaza tu. Ukimaliza kausha na upake oili hapohapo maana kutu haingoji.

Krenki nisage au niweke metali mpya tu?

Pima. Kidole cha krenki kikiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha au kimekuwa yai, kinasagwa kwenda 0.25 mm, kikikataa 0.50 mm, na metali zinanunuliwa za saizi hiyo. Mwambie msagaji aache ule mviringo wa kona kati ya kidole na ukuta, akikata kona mraba krenki inakuja kukatika palepale, na itakatika ukiwa umepakia viazi. Baada ya kusagwa matundu ya oili ndani ya krenki yapigwe brashi ndefu na hewa, humo ndo vipande vya chuma vinajificha.

Uwazi wa oili kwa injini hizi kawaida uko kati ya 0.03 na 0.07 mm, thibitisha kwenye kitabu cha injini yako. Ukibanwa kupita hapo inanata, ukiachia sana presha ya oili inashuka injini ikipata moto na inanoki ndani ya miezi.

Hedi imechemka, najuaje kama bado inafaa?

Ioshe, weka rula nyoofu juu yake kwa urefu, upana na kwa mshazari, afu ingiza fila geji chini. Hedi iliyopinda inasagwa, iliyopinda sana inatupwa. Kisha ipimwe kwa presha kwenye maji ya moto kuona nyufa, hasa kati ya vali mbili na kuzunguka chemba ndogo za mwako. Wenye 1KZ ya Prado na Surf hili msilikwepe, hedi zake zinajulikana kwa kupasuka.

Kuna kitu cha dizeli ambacho fundi wa petroli hakijui: gaskiti ya hedi inakuja kwa unene tofauti. Baada ya kufunga pistoni unapima kila moja inachomoza kiasi gani juu ya bloku ikiwa imefika mwisho, ile iliyochomoza zaidi ndo inaamua unene. Kwa 3L gaskiti zina alama B, D na F. Ukiweka nyembamba pistoni inagonga vali, ukiweka nene kompresheni inashuka na asubuhi ya Juni huko Makete gari haliwaki. Dukani wanakuuzia iliyopo, wewe dai iliyo sahihi.

Silikoni nipake wapi?

Sampu na sehemu kitabu kinaposema, tena mstari mwembamba. Gaskiti ya hedi haipakwi kitu. Silikoni inayojaa na kuchungulia ndani inakatika vipande na kwenda kuziba kichungi cha oili.

Spea orijino nazijuaje? Mwanjelwa na Kabwe kila duka linasema lake orijino.

Boksi linachapishwa na yeyote, kwaiyo amini kipimo. Beba kipande cha zamani na maikromita. Ringi iingize ndani ya silinda isukume kwa pistoni ikae sawa, pima uwazi wa ncha zake kwa fila geji, pistoni ipimwe kipenyo, metali zipimwe unene. Maduka ya heshima hayakatazi. Spea nyingi zinatumwa kutoka Kariakoo kwa mabasi ya usiku, ni sawa, ila kubaliana na muuzaji kabla kwamba kisipofaa kinarudi, na iandikwe kwenye risiti. Nikilazimika kubana hela nabana kwenye vitu vya nje. Metali, ringi, gaskiti ya hedi na taiming belti sibani.

Kufunga kuna siri gani?

Hakuna siri, kuna uvumilivu. Nyuzi za boliti ziwe safi na matundu yake yawe safi na makavu, kwa sababu oili ikijaa kwenye tundu la boliti ya hedi inaweza kupasua bloku na toku yako inakuwa ya uongo. Metali paka oili, mgongo wake uache mkavu. Kila ukifunga kofia moja ya krenki zungusha krenki kwa mkono. Ikianza kuwa nzito simama, kofia uliyofunga mwisho ndo yenye kesi, usisogee mbele kwa matumaini.

Pengo za ringi zisielekeane, na maandishi ya ringi yaangalie juu. Alama ya pistoni iangalie mbele. Hedi inakazwa kuanzia katikati kwenda nje kwa hatua. Kwa 3L ni 78 Nm kwanza, kisha unapiga alama ya rangi kwenye kila kichwa cha boliti, unazungusha nyuzi 90, afu nyuzi 90 tena. Boliti zilizorefuka tupa. Yule fundi anayekaza kwa bomba refu na kusema "mkono wangu unajua" mwache ajifungie ya kwake.

Uwazi wa vali 3L ikiwa baridi ni 0.20 mpaka 0.30 mm upande wa hewa na 0.40 mpaka 0.50 upande wa ekzosi. Pima ukiwa hujarudisha vitu vya juu.

Taiming?

Alama tatu zikutane: krenki, kamu (shafti ya kufungua vali) na pampu. Belti mpya, tenshena (ya kukaza belti) mpya, usirudishe ya zamani kwa sababu "bado nzuri". Ukimaliza zungusha injini mizunguko miwili kamili kwa mkono, kwa spana ya krenki, na alama zirudi zilipokuwa. Ikigoma mahali usilazimishe na wala usiguse stata, ni vali inakutana na pistoni. Belti za hizi L zinabadilishwa kila kilomita 100,000, andika kwa rangi kwenye kava umeifunga ikiwa ngapi.

Naiwashaje mara ya kwanza?

Jaza oili na kulanti (maji ya dawa ya rejeta). Chomoa waya wa solenoidi ya pampu ili isiwake, piga stata sekunde kumi kumi na kupumzisha mpaka taa ya oili izime, oili imefika kila mahali. Rudisha waya, pampu mafuta kwa kile kitufe cha juu ya filta mpaka kiwe kigumu, legeza nati za bomba kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Pasha hita plagi, washa.

Kabla ya hapo weka ubao bapa karibu na mdomo wa kuingiza hewa. Dizeli ikipata njia ya kunyonya oili yake yenyewe au pampu ikikwama inapanda mizunguko na ufunguo hauizimi, hapo unaziba mdomo wa hewa kwa ubao. Kwa ubao, sio kwa kiganja.

Ikishawaka usiikanyagie na usiiache inaunguruma taratibu masaa mawili kama wengi wanavyoshauri. Ringi zinakaa kwa kubanwa na mzigo, injini mpya ikiunguruma tu bila kazi ukuta wa silinda unapata kioo na oili italiwa maisha yote. Kagua uvujaji, pandisha joto, zima ipoe, kagua maji, ingia barabarani.

Kuizoesha injini niende wapi?

Kutoka Mbeya mi nashuka Uyole, Inyala, Igurusi mpaka Chimala na kurudi. Kwenda ni kushuka, kurudi kuna kupanda ambako unaweza kuachia na kukanyaga, kubadilisha gia, mzigo wa wastani. Usiipeleke zile kona 57 za Chimala kwenda Matamba ikiwa imejaa gunia za viazi wiki ya kwanza. Wa Iringa, Kitonga isubiri. Oili ya kawaida ya madini 15W-40 inatosha, isibadilishwe kwa ya bei mbaya, na mwaga ile ya kwanza na filta yake kama kwenye kilomita 500, utaona vumbi la chuma ndani, ndo kawaida yake.

Fundi aliniambia thermostati (inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto) haina kazi Afrika, itolewe. Kweli?

Hapana, na ushauri huu umeua injini nyingi kuliko vumbi, huo ni mtazamo wangu. Mbeya mwezi wa Juni na Julai asubuhi ni baridi, Kitulo na Makete kunaganda kabisa. Injini isiyo na thermostati haifiki joto lake, dizeli haiungui vizuri, inashuka kwenye oili, ringi na silinda zinaliwa, na inakunywa mafuta mengi bure. Nyingi zinaanza kufunguka kati ya digrii 76 na 88, itie kwenye sufuria ya maji na kipimajoto uone yako kama inafunguka, isipofunguka nunua nyingine.

Kingine watu hawakijui: mita 1,700 maji yanachemka kama digrii 94, sio 100. Kinachokuokoa ni presha ya kifuniko cha rejeta, kwaiyo kifuniko kilicholegea spring huku kwetu ni kuchemsha injini ambayo haina tatizo lingine lolote. Na tumia kulanti, maji matupu yanaleta kutu na huko Makete yanaweza kuganda usiku ndani ya bloku.

Nina D4D ya 1KD (dizeli mpya zaidi ya Toyota), nayo naweza nyumbani?

Sehemu ya chini ndiyo, pistoni na krenki ni chuma tu kama nyingine. Mfumo wa mafuta hapana. Reli yake, lile bomba la kugawia nozeli mafuta, inabeba presha inayozidi bar 1,000, bomba halilegezwi injini ikiwaka kama tunavyofanya kwenye 3L, na nozeli zinahitaji mashine ya kupimia. Ukiifungua angalia viti vya shaba vya chini ya nozeli: vikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba kichungi cha sampu, oili haipandi, krenki inakufa. Ukibadili metali bila kubadili hivo viti unarudi palepale.

Gharama inakuwaje?

Bei zinapanda kila siku kwaiyo namba siandiki. Panga hivi: orodhesha spea, uliza maduka matatu, weka kazi ya mashine, fundi pampu na nozeli, oili mara mbili, kulanti, na usafiri wa spea. Afu ongeza robo ya hiyo jumla, kwa sababu siku unafungua ndo unakuta pampu ya maji nayo imekufa. Kama robo hiyo huna, subiri uvune ndo ufungue. Gari bovu linalotembea linauzika, injini kwenye makopo uani haiuziki.

Oili chafu naitupa wapi?

Sio mtoni na sio bustanini kwa mama. Ihifadhi kwenye dumu, mafundi mbao na wajenzi wanaigombania kwa kupaka nguzo na mbao zisiliwe na mchwa, unawapigia wanakuja kuichukua wenyewe.